Herufi Mbili za Baba Mkwe

Bomani, Tarime
Jumatano, 31 Machi 1993

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya masomo ya darasa la tano. Litafanya kazi nyingine.

Baba mkwe ameanguka. Ilikuwa juzi Jumatatu, asubuhi, siku chache tu baada ya Idi. Alikuwa kwenye cherehani yake barazani, mbele ya duka lake hapa nyumbani, anapinda suruali ya mchimbaji mmoja wa dhahabu wa Nyamongo, mimi najiandaa kwenda shule. Nikasikia cherehani imenyamaza katikati ya mshono. Nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mguu bado uko kwenye kanyagio.

Hospitali wanasema ni kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havina nguvu. Sauti imekwenda kabisa. Mzee Abdurahmani, ambaye mji mzima unamwita Fundi, ambaye alikuwa anashona na kusimulia kwa wakati mmoja mpaka wateja wanasahau walichofuata, sasa amelala anatutazama tu.

Ashrafu hajala tangu juzi. Ni mwanawe, ni haki yake. Lakini mimi ni mkwe tu, na mimi pia chakula hakipiti.

Jumamosi, 3 Aprili

Tumemrudisha nyumbani. Nesi Felistas ametufundisha kumgeuza na kumlisha uji kwa kijiko. Anasema tusimchoshe kwa maswali, maana sasa hivi akiulizwa lolote anaitikia kwa kichwa. Nimejaribu. "Baba, unataka maji?" Akaitikia. "Baba, hutaki maji?" Akaitikia vilevile.

Kanzu hazimwingii tena kwa sababu ya ule mkono. Namvalisha mashati ya zamani ya Ashrafu.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua. Wageni kumi na tatu.

Jumanne, 6 Aprili

Leo ameandika!

Nilikuwa nafagia. Nikamwona anahangaika kwa mkono wa kushoto kutafuta kitu mkekani, kumbe ni kipande cha chaki yake ya kuchorea vitambaa. Nikamsogezea kile kifuniko cha mbao cha cherehani. Akaandika polepole, mkono unatetemeka, jasho linamtoka: vijiti viwili vilivyopinda kama mundu, cha kwanza kina nukta juu yake. Halafu akaweka kiganja kifuani, akanitazama kana kwamba amemaliza kusema kila kitu.

Baba hakusoma shule za serikali. Anaandika kwa herufi za Kiarabu, alizofundishwa chuo cha Kurani kwao Tanga. Mimi, binti wa mzee Oduol wa Sirari, niliyebatizwa Everlyne na kuitwa Rahima miaka miwili tu iliyopita nilipoolewa, herufi hizo bado zinanipiga chenga. Nikamwita Ashrafu.

"Ni ze na re," alisema.

"Inasomekaje?"

"Sijui. Hakuna irabu. Inaweza kuwa zar, zir, zur."

"Baba, ni zar?" niliuliza. Akaitikia. "Ni zur?" Akaitikia.

Jumatano, 7 Aprili

Tumemwita Maalim Nyangwine kutoka msikitini. Ni Mkurya wa hapahapa, mtaratibu, alisoma Ujiji miaka sita. Alikaa mkekani, akakitazama kifuniko muda mrefu, akaomba maji ya kunywa, akatazama tena.

"Kwa Kiarabu," alisema, "hii isome zur. Ni amri. Zuru. Tembelea. Ndiko lilikotoka neno letu kuzuru, na ziara, mnaposikia redioni waziri yuko ziarani."

"Nani amtembelee nani, Maalim?"

"Hapo herufi mbili hazitoshi, binti yangu. Lakini ameshika moyo. Pengine kuna mtu anamtamani."

Ashrafu alitazama chini. Nami nilijua anamfikiria nani, ingawa jina hilo halitajwi humu ndani. Kuruthumu ni dada yake mkubwa. Miaka saba iliyopita alitoroka na Mkurya mmoja Mkristo, Marwa, mchimbaji dhahabu, na Baba akasema asikanyage tena mlango huu. Sijawahi kumwona. Yote niliyo nayo juu yake nilipewa na jirani, hata kwamba Baba alimfundisha kushona.

Jumamosi, 10 Aprili

Natamani Shahdadi asingekuja leo. Lakini ni mtu mwema, siwezi kumlaumu.

Shahdadi ni Mbulushi, dereva wa lori la mahindi kati ya Mugumu na hapa, rafiki wa Baba wa kahawa. Alileta ndizi, akamshika Baba mkono ule usio na nguvu, akalia bila aibu. Kisha akaona kifuniko.

"Zar," alisema mara moja, wala hakufikiri. "Kwa lugha ya bibi yangu zar ni mali. Ni fedha, ni dhahabu. Waajemi nao wanasema hivyo. Ule uzi unaong'aa kwenye majoho mnauita zari kwa sababu gani? Ni uzi wa dhahabu."

"Maalim anasema dhahabu kwa Kiarabu ni dhahabu tu," nilisema.

"Kwa Kiarabu, ndiyo. Mimi nakwambia ya upande wa pili wa bahari." Akacheka kidogo. "Lakini Waajemi hao hao wakiivuta, zaar, inakuwa kilio. Mtu analia zaar zaar. Kwa hiyo chunga unavyoisoma."

Maneno ya mwisho Ashrafu hakuyasikia. Nilimwona usoni. Alikuwa amekwama kwenye yale ya kwanza.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Mama amekuja kutoka Sirari na sukari na mafuta ya Kenya. Bado ananiita Everlyne. Alikaa na Baba saa nzima akimsimulia kwa Kijaluo, na Baba, ambaye Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu, alimsikiliza kwa heshima zote. Mkono unapapasa kifua.

Jumatano, 14 Aprili

Habari imefika sokoni. Leo mwalimu mwenzangu kaniuliza kwenye chumba cha walimu kama ni kweli Fundi ameficha dhahabu na ameandika mahali ilipo. Nilimjibu kwamba Fundi ameandika herufi mbili, hata "nyumbani" haiandikiki kwa herufi mbili.

Lakini naelewa uvumi ulikotoka. Nusu ya wachimbaji wa Nyamongo wamevaa suruali za Baba. Aliwashonea mfuko mdogo kwa ndani, chini ya mkanda, ambao mtu akikupekua hauoni. Watu wanajiuliza: anayejua mifuko yote, wa kwake uko wapi?

Mvua haikati.

Jumamosi, 17 Aprili

Niandike hili likiwa bado bichi.

Nilikwenda sokoni asubuhi. Niliporudi nilisikia sururu kabla sijafika uani. Ashrafu alikuwa amechimba barazani, palepale cherehani ilipokuwa inakaa kabla hajaiingiza dukani, shimo la kufika kiunoni, na sasa alikuwa anafuata ukuta wa duka. Mvua inamnyeshea. Baba alikuwa mkekani ndani, mlango wazi, anamtazama mwanawe anavyochimba.

"Ashrafu, toka humo."

"Amekaa hapa miaka arobaini, Rahima. Cherehani haijawahi kuhama hata siku moja. Kwa nini haijahama?"

"Kwa sababu ndipo penye mwanga."

Aliinua sururu tena. Sikuona ilipopiga. Niliona ukuta unatoa pumzi, nao ukalala, taratibu kama ng'ombe, wote wa mbele na paa lake. Nilipiga kelele. Ashrafu alikuwa amerukia upande wa uani, tope mpaka kichwani, mzima. Duka la Baba sasa ni lundo la udongo na mabati.

Kutoka ndani ilikuja sauti. Ndiyo sauti ya kwanza ya Baba tangu aanguke, na haikuwa neno. Ilikuwa kilio, kirefu. Nilimkumbuka Shahdadi na ile zaar yake.

Tulichimbua cherehani. Gurudumu limepinda kidogo. Ashrafu aliifuta kwa shati lake, akaiweka karibu na mkeka, akapiga magoti hapo.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Sasa naandika, naona mikono yake tu, inavyofuta lile gurudumu.

Jumatatu, 19 Aprili

Ashrafu ameondoka asubuhi kwenda Nyamongo. Anasema kama dhahabu haiko chini ya baraza ataitafuta ilipo, ajenge ukuta upya. Ashrafu ni karani wa ghala la kahawa. Hajawahi kuchimba hata choo.

Ijumaa, 23 Aprili

Hakuna habari. Baba anakula vizuri. Mvua.

Jumatatu, 26 Aprili

Hakuna habari.

Alhamisi, 29 Aprili

Baba ameandika tena. Herufi zilezile. Mchana mzima nimejifunza kuziandika kando yake, ze yangu na ze yake. Akiona nimekosea ananishika kidole ananiongoza. Wakati fulani nilisahau kwamba ni mgonjwa. Nilijihisi ni mwanafunzi wake wa kwanza, na nikafikiri kwamba labda si mimi wa kwanza.

Jumapili, 2 Mei

Shahdadi kaleta habari: wachimbaji wa Mugumu wamemwambia kwamba maduara kadhaa, yale mashimo ya dhahabu ya Nyamongo, yamejaa maji, kwamba karani mmoja wa Tarime ana homa kali, amelala kwa fundi cherehani mwanamke.

Nilimwangalia Baba. Chaki ilikuwa mkononi mwake.

Mume wangu amefuata dhahabu. Mimi nitafuata neno la Maalim. Kuzuru angalau ni kitu ambacho mtu anaweza kufanya kwa miguu yake.

Jumamosi, 8 Mei. Nyamongo

Wiki nzima nilimsubiri Mama, na jana amekuja kukaa na Baba. Nimeondoka na pikapu ya asubuhi. Imekwama kwenye tope mara tatu, tumesukuma sote, hata mama mmoja mwenye kuku. Saa nane nilikuwa Nyamongo, viatu mkononi.

Sikujua watu ni wengi hivi. Wanaume wa rangi ya udongo kutoka kichwani mpaka miguuni, magunia ya mawe, akina mama wanaponda kokoto kwa nyundo, vibanda vya turubai vinauza maandazi, betri na dawa za kichwa pamoja. Niliuliza: fundi mwanamke yuko wapi? Mtu wa kwanza tu alinionyesha.

Alikuwa chini ya turubai la bluu, anakanyaga cherehani. Sikuhitaji kuuliza jina. Anainamisha kichwa kushoto anaposhona, vilevile kama Baba, kana kwamba anasikiliza sindano.

"Shikamoo wifi," nilisema.

"Marahaba." Hakusimamisha mguu. "Wewe ndiye mke wa Ashrafu. Yuko ndani. Homa imeshuka jana."

Ashrafu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amekonda, ana aibu. Alinisimulia mwenyewe. Alichimba siku sita, maji yakajaa, suruali ikachanika. Wenzake wakamwelekeza kwa fundi. Alimpa suruali bila kumtazama usoni. Fundi akaigeuza ndani, akauona mshono wa mfuko, akasema, "Hii kashona Baba yangu." Hapo ndipo alipoinua macho.

"Siku tano sikujijua," alisema. "Alininywesha dawa kama mtoto. Hajaniuliza kwa nini sijamtafuta miaka saba."

Nilitoka nikakaa karibu na cherehani. Kuruthumu alikata uzi kwa meno.

"Nilisikia ameoa Mjaluo. Baba alikubali?"

"Nilisilimu."

"Marwa hakusilimu," alisema. "Mimi na wewe tunatofautiana hapo tu."

Miaka miwili nimekula kwenye sinia la Baba nikiamini kwamba Kuruthumu alifanya jambo baya ambalo mimi sikulifanya. Nikamweleza habari za kiharusi na za herufi mbili. Mguu wake ulisimama.

"Kwa hiyo Baba ananiita?"

"Maalim anasema ni kuzuru. Mdogo wako aliamini ni dhahabu. Mimi nimechagua la Maalim."

Marwa alirudi jioni. Ni mtu mkubwa, mpole, anayeinama kuingia kwenye turubai lake mwenyewe. Alisikiliza yote amechuchumaa, mtoto wao mdogo, Robi, amemning'inia shingoni.

"Nenda kamwone mzee wako," alimwambia mkewe. "Aliyemkataa ni mimi. Nitabaki hapa na watoto."

Jumapili, 9 Mei. Nyumbani

Tumefika mchana, sisi watatu. Kuruthumu alisimama mlangoni, pale palipobaki mlango, muda mrefu mpaka Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Ingia msichana, utalowa bure."

Aliingia akapiga magoti. "Shikamoo Baba."

Baba alimtazama. Midomo ilihangaika, upande mmoja tu. Machozi yakamtoka. Aliinua mkono wa kushoto akamgusa kichwani, akaushikilia hapo. Kisha akatafuta chaki. Mimi mwenyewe nilimshikia kifuniko.

Ze. Re. Na mkono kifuani.

Kuruthumu alisoma. Alitazama mkono ule. Akausogeza pembeni, akatazama chini yake, na akaanza kucheka huku analia.

"Ziri," alisema. "Jamani. Anataka ziri."

"Ziri ni nini?" tuliuliza mimi na Ashrafu pamoja.

"Kifungo. Kile cha shati. Aliyemfundisha kushona Tanga alikuwa Mhadhrami, na Waarabu kifungo wanakiita hivyo. Dukani hakuwahi kusema kifungo. Siku nzima ilikuwa: Kuruthumu, lete ziri nne. Kuruthumu, ziri gani hii uliyonipa? Ashrafu, hukusikia?"

"Mimi sikukaa dukani," Ashrafu alisema. "Nilikimbia kila aliponiita."

Shati lilikosa vifungo viwili, hapo hapo kifuani. Nilikuwa nimelifunga kwa pini. Jana pini, juzi pini, wiki tano pini. Fundi Abdurahmani, aliyevalisha nusu ya mji, amepokea imamu, walimu na mama mkwe wa mwanawe akiwa na pini kifuani, na kila alipolalamika tulikimbilia Uarabuni na Uajemi.

Kuruthumu alishona vifungo palepale mwilini. Baba alivipapasa kwa kidole gumba, cha kwanza, cha pili. Akafumba macho. Nilikwenda jikoni nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kuruthumu alinifuata. Hakuwa anacheka tena.

"Basi hakuniita," alisema.

Alichukua mwiko mkononi mwangu akaanza kukoroga.

Jumanne, 11 Mei

Kuruthumu alisema ataondoka leo. Ameona gurudumu la cherehani limepinda. Analinyoosha kwanza.

Jumamosi, 15 Mei

Bado yupo. Ashrafu amerudi kazini. Jioni anakaa karibu na dada yake anamshikia kitambaa, mtu mzima, karani, anaambiwa "nyoosha, usivute." Ananyoosha.

Jumatatu, 24 Mei

Mvua imepungua. Baba amekaa mwenyewe bila kuegemea.

Ijumaa, 28 Mei

Marwa amekuja, na watoto, na wenzake wawili. Hakuitwa. Alisikia ukuta ulianguka.

"Shikamoo mzee," alisema akiwa nje, hakuvuka kizingiti. Baba hawezi kusema marahaba. Alimtazama, nikaogopa. Kisha akaonyesha kwa mkono wa kushoto lile lundo la udongo, hapa, mpaka pale, kama anayepima kitambaa. Marwa akavua shati.

Jumanne, 1 Juni. Idi ya kuchinja

Ukuta umefika madirishani. Marwa hakufunga Arafa wala hakuswali, lakini amekula pilau kuliko sisi wote. Robi amelala mapajani kwa Baba.

Jumapili, 6 Juni

Wameondoka leo, ukuta umekwisha. Kuruthumu aliaga vizuri, kwa adabu, kama mgeni. Alimfunga Baba kifungo cha juu, akambusu mkono, akatoka. Hakugeuka. Nilijua anabeba nini. Alikuja kwa neno ambalo halikuwa lake.

Maalim Nyangwine alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Tulikuwa tunakunywa chai Baba alipogonga sakafu kwa chaki. Nikamletea kifuniko. Mkono siku hizi hautetemeki sana. Aliandika ze, kisha herufi nyingine, kisha re, kisha ya mwisho yenye mkia mrefu na nukta mbili.

Nilitazama shati kwanza. Vifungo vyote vipo.

"Zuri," nilisoma. Nilisoma mwenyewe.

"Anasema nzuri," Ashrafu alisema. "Chai nzuri, Baba?"

Maalim aliweka kikombe chini. "Kwa Kiswahili inaweza kuwa hivyo. Lakini kwa Kiarabu, ukimwomba mwanamume azuru unasema zur. Ukimwomba mwanamke, unasema zuri. Njoo, mama, unitembelee."

Baba hakuwa anatutazama. Alikuwa anatazama mlango.

Nilikamata kifuniko nikakimbia. Mwalimu wa darasa la tano, kandambili mkononi, nimekumbatia ubao wa cherehani katikati ya Bomani siku ya Jumapili, watu wanatoka kanisani wananipisha. Pikapu ilikuwa inawasha moto. Kuruthumu alikuwa nyuma, juu ya magunia, watoto pembeni.

Nilimwinulia ubao. Sikuwa na pumzi ya kueleza.

Alisoma. Akasoma tena, midomo inatembea.

"Hapa hakuna ziri," alisema polepole.

"Hakuna, wifi. Vifungo nimevihesabu, vyote vipo."

Alichukua ubao mapajani, akaufunika kwa mikono miwili bila kuigusa chaki, akainamisha kichwa kushoto. Marwa, aliyekuwa amesimama nyuma yake ameshika bomba la gari, aliinama kutazama.

"Inasemaje?"

"Baba anasema nije tena kumwona."

Marwa aliziangalia zile herufi kwa makini, mtu ambaye hajui hata moja.

"Hii ya mwisho ni ndefu sana," alisema. "Labda na mimi nimo."